Mafundo Matatu

Tarehe 3 Machi

Mwanangu, Baba Chiriku,

Dereva wa lori la saruji amenifikishia barua yako ikiwa na alama ya kidole chenye grisi, nikajua kweli imetoka huko mnakojenga daraja. Huku hatujambo. Chiriku kwa kuongea hajambo kabisa. Leo asubuhi ameniuliza kwa nini cherehani ina mguu mmoja na mimi nina miwili, na kabla sijajibu alishahamia kwenye habari za kuku wa jirani.

Umeuliza habari za ngozi yake. Sikufichi. Viwiko na nyuma ya magoti bado, na sasa na shingo imeanza. Mchana anacheza, anasahau. Akilala ndipo mikono inapopata kazi. Asubuhi shuka ina vidoa vya damu kama kitambaa cha mwanafunzi wangu wa ushonaji anayejidunga sindano. Ule ukurutu anauita wadudu. "Bibi, wadudu wameamka."

Namwogesha asubuhi na jioni kwa maji ya moto ya kutosha na sabuni ya kufulia, namsugua kwa dodoki mpaka ang'ae. Mwambie dada yako kwamba uchafu hauna nafasi katika nyumba hii.

Nakumbuka marehemu binti yangu alivyokuwa akimkausha. Hakusugua. Alimgusagusa kwa lile taulo kuukuu, kama mtu anayekausha barua iliyomwagikiwa maji. Nilimwambia, "Wewe, huyo ni mtoto au ni yai?" Akacheka. Kile kicheko chake cha kukataa bila kukujibu, unakijua. Miezi minne sasa tangu tumzike, na taulo liko kwenye msumari pale pale alipolitundika.

Umeandika kwamba mkataba wako ukiisha mwisho wa Juni na ngozi haijatulia, Chiriku atahamia kwa dada yako. Nimeisoma mara mbili. Wewe ndiye baba, mimi sina mdomo. Ila nilizaa mmoja, na yeye akazaa mmoja. Naomba Juni usiilete kabla haijafika.

Ni mimi,
Mama mkwe wako

*

Tarehe 12 Machi

Mama, shikamoo.

Naandika juu ya ndoo iliyopinduliwa, unisamehe mwandiko. Simu huku inashika juu ya kilima tu, na zamu ikiisha miguu haipandi tena.

Dada alipita kwenu Jumapili akaona shuka kwenye kamba. Amenitumia ujumbe: "Ile si shuka ya mtoto, ni ya machinjioni." Mama, sikulaumu. Lakini nikiwasha mashine ya kulehemu naiona shuka hiyo, na juzi nimejichoma kidole gumba kwa ajili yake. Kwenye maziko ya mke wangu nilifika saa mbili baada ya kaburi kufukiwa. Kwa mtoto sitaki kuchelewa. Ndiyo sababu ya Juni.

Umenifanya nikumbuke namna mama yake alivyokuwa akimhudumia. Nilidhani najua mengi, kumbe ni haya tu. Kucha alimkata kila Jumamosi, mtoto akiwa amelala. Mafuta alimpaka angali na majimaji mwilini; mimi nilidhani ana haraka. Na fulana alimvalisha nje ndani. Siku moja nilimtania: "Mtoto wa ukoo wa mafundi anatembea mishono nje, watu wataacha kumletea mama yako kazi!" Akasema, "Mishono ndiyo inayomla." Nikadhani ni maneno tu.

Ni machache kwa mtu niliyeishi naye miaka saba.

Mwanao,
Baba Chiriku

*

Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Uliposema fulana nilikaa chini. Tangu wahamie kwangu ulipoenda darajani, kila asubuhi nilikuwa nazikuta zimegeuzwa, nami nazirudisha. Mimi nikiona mshono nje, mkono unaugeuza wenyewe. Marehemu alikuwa anazigeuza tena bila kusema kitu. Tumegeuziana fulana hivyo mwaka mzima, mimi nikidhani nina binti mzembe.

Sasa sikiliza jambo jema. Nilifungua sanduku la marehemu kutafuta fulana nyingine za pamba. Chini kabisa nikakuta soksi ya Chiriku ya utoto, ile ya njano, na ndani yake kopo dogo. Soksi ilifungwa mdomo kwa uzi wa vifungo, mafundo matatu. Lebo ya kopo ilikwanguliwa kwa ukucha. Nikajisemea, mtu hafungi mafundo matatu kwenye kitu cha hovyo. Hii ndiyo dawa yake, aliificha isije ikachezewa. Nikayafumua kwa sindano, moja moja, nisiukate uzi wake.

Nilianza kumpaka Jumatatu. Alhamisi shingo ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga! Nampaka mara tatu kwa siku, mpaka usoni, maana mashavu nayo yalikuwa na mabaka. Chiriku alijishika shingo akasema, "Bibi, wadudu wamehama." Nililia kidogo, nikajifanya ni moshi wa pasi. Nilihisi kama binti yangu ametunyooshea mkono.

Kopo limefika nusu. Wewe utakuwa unajua linapatikana wapi. Na mwambie dada yako aje aitazame shuka ya sasa.

Ni mimi,
Mama mkwe wako mwenye furaha

*

Tarehe 30 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kopo nalifahamu. Karibu na kambi kuna gulio, nimelipata la aina ile ile, dereva atakupa pamoja na barua hii. Niliwahi kusema kwamba dawa ya kumfaa ipo. Basi, imeonekana.

Endelea kumpaka. Dada usimweleze habari za kopo, unajua alivyo na maneno.

Mwanao,
Baba Chiriku

*

Tarehe 18 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Kopo la pili lilifika salama. Kazi ni nyingi, shule zinakaribia kufunguliwa, nina sketi ishirini na sita za kupinda na mwanafunzi wangu bado anapinda kama anafukia shimo. Jua ni kali mwaka huu.

Kioo cha chumbani nimekigeuza kitazame ukuta. Kina ufa.

Chiriku anaendelea. Anakusalimu.

Kama dada yako ana mpango wa kuja mwezi huu, mwambie angoje kidogo. Tunapaka rangi ukutani na harufu ni kali kwa mgeni.

Ni mimi,
Mama mkwe wako

*

Tarehe 25 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma zamu ya asubuhi, nikaisoma tena zamu ya mchana. Kuna sketi, kuna jua, kuna rangi. Ngozi haimo hata neno moja. Wewe ambaye mwezi uliopita uliniandikia mpaka rangi ya soksi.

Nimemuuliza dereva. Anasema alipoleta kopo hakuona rangi yoyote mbichi ukutani. Anasema safari iliyofuata Chiriku alikuwa dirishani amefungwa mtandio kichwani mpaka kwenye macho, na jua lile. Alimpungia mkono, hakuongea. Mama, Chiriku hakuongea?

Nakuomba kwa heshima zote uniandikie ukweli. Dada anakuja kwenu Jumamosi ya tarehe 3 na begi. Nimemwambia akikuta hali si nzuri asiningoje mimi wala Juni. Nisamehe. Sijui nifanye nini kingine nikiwa juu ya vyuma.

Mwanao,
Baba Chiriku

*

Tarehe 30 Aprili

Kwa baba wa mtoto anayeitwa Chiriku,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi katika hospitali ya wilaya. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa dereva wa lori barua hii, kama bibi alivyonielekeza. Mtoto wako amelazwa hapa tangu juzi. Yuko hai, homa imeanza kushuka. Soma yaliyobaki ukiwa umekaa.

Aliletwa mgongoni na bibi yake. Uso na shingo vilikuwa vyekundu, vimevimba, vinatoa usaha na maji. Bibi alikuwa na makopo mawili mkononi, akayaweka mezani kabla hata ya kutaja jina, akasema, "Ni mimi niliyempaka." Lebo ya lile jipya inasema mitishamba tupu. Sisi tunaona makopo ya namna hii kila wiki. Mitishamba mitupu haiwezi kuifanya ngozi ya mtoto iwe nyembamba mpaka mishipa ionekane. Ndani mnachanganywa steroidi kali, ile ambayo daktari mwenyewe huitoa kwa kipimo na kwa siku chache, na usoni mwa mtoto haigusi. Huyu amepakwa wiki tano, mara tatu kwa siku, kisha ikasimamishwa ghafla. Ngozi ikalipuka, akajikuna, vijidudu vikaingia.

Ninahitaji majibu yako haraka: kopo lilitoka wapi, nani aliuza, na je, mtoto aliwahi kupakwa hapo zamani? Bibi anasema ilikuwa dawa ya marehemu mama yake. Mimi nilimfahamu marehemu. Alikuwa akija kliniki hii kila mwezi na daftari, na hakuwa mtu wa kupaka kitu kisichojulikana. Kuna jambo halikai sawa, na wa kunieleza umebaki wewe.

Ukurutu hautokani na uchafu na hauambukizi. Hatuuondoi moja kwa moja, tunaishi nao kwa utaratibu mpaka unatulia. Marehemu aliujua utaratibu huo wote.

Bibi hajatoka kwenye benchi siku mbili. Nimemwambia akapumzike, anasema benchi linamfaa.

Muuguzi wa zamu,
Kliniki ya Ngozi

*

Tarehe 4 Mei

Mama,

Shikamoo haitoshi leo. Nimepanda kilima na homa ya woga, nimeongea na muuguzi na kumweleza kila kitu. Ameniambia Chiriku amekunywa uji na ameuliza kama daraja limeisha. Sasa nakueleza na wewe, maana wewe ndiye unayekaa kwenye benchi langu.

Kopo lile nililinunua mimi. Kulikuwa na mtu ameweka meza gulioni, ana kipaza sauti na picha za watoto, kabla na baada. Nilirudi nyumbani nalo kama nimebeba dhahabu. Mke wangu alilifungua, akanusa, akauliza, "Ndani mna nini?" Nikasema soma lebo. Akasema lebo haisemi. Nikamwambia anapenda mtoto aumwe ili apate kazi ya kushika daftari.

Nilimwambia hivyo, Mama. Alikwangua lebo kwa ukucha, polepole, mbele yangu, akasema, "Nitaliweka mahali ambapo hakuna atakayelifungua." Kesho yake likizo ikaisha, nikarudi darajani. Tukaongea kwenye simu mara tatu baada ya hapo, habari za karo na bati. Wiki ya tano nikaitwa kwenye msiba.

Uliponiandikia kwamba umelikuta kopo na ngozi imepona, nililijua palepale. Nilipaswa kukwambia alilikataa. Badala yake nilikwenda kununua la pili. Nilitaka ionekane kwamba nilikuwa sahihi. Nilikuwa nabishana na mtu asiyeweza kunijibu, na uwanja wenyewe ni uso wa mtoto.

Kwa hiyo usiseme tena kwamba ni wewe. Na kuhusu dada na begi lake, mimi sina tena haki ya kusema nani anafaa kumlea Chiriku na nani hafai. Sema wewe.

Mwanao, kama bado unaniita hivyo,
Baba Chiriku

*

Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Bado nakuita hivyo. Tumerudi nyumbani juzi. Ngozi ya uso inachubuka kama rangi ya mlango wa zamani, lakini chini yake kuna ngozi. Muuguzi anasema itachukua miezi, na itarudi na kuondoka, tusishangilie wala kutishika haraka.

Sasa ni zamu yangu ya kusema. Barua ya Aprili ilikuwa ya uongo, isipokuwa zile sketi. Wekundu ulianza kopo la pili halijafika nusu. Siku moja Chiriku alijitazama kwenye kioo akaniuliza, "Bibi, huyu ni nani?" Nikakigeuza. Hakikuwa na ufa. Nikaacha kumpaka, ikazidi. Kliniki niliijua iliko. Niliogopa wakiandika kwenye kadi, dada yako ataisoma, na mtoto ataondoka. Nikamfunga mtandio. Kwa kuogopa kumpoteza nilikaribia kumpoteza kweli. Hilo uliweke pamoja na lako, tusigombanie ukubwa.

Lakini kuna jambo la tatu, na hili hulijui.

Kwenye benchi nilikuwa nimeshika ile soksi ya njano na uzi wake. Vidole vikawa vinafunga na kufungua, kama kawaida yangu. Fundo la kwanza, la pili, la tatu. Nikasimama pale pale, muuguzi akadhani naumwa.

Mwanangu, katika chumba changu cha kushonea kuna sheria moja tangu nilipoanza kazi. Sindano iliyovunjika na wembe uliokwisha havitupwi hovyo. Unavifunga kwenye kitambaa, mafundo matatu, unavitia kwenye debe chini ya meza, na debe likijaa tunachimba na kuzika. Fundo moja ni vifungo, mawili ni mabaki ya kitambaa, matatu usifungue. Nilimfundisha binti yangu akiwa na miaka sita, baada ya kujikata kiganja. Alama alikuwa nayo mpaka mwisho.

Aliniandikia kwa lugha niliyomfundisha mimi. Alilifunga ili lizikwe, akalificha sandukuni lingoje siku ya kuzika, akaanza kuumwa kabla debe halijajaa. Na mimi, mwenye sheria, nikakaa na sindano nikayafumua moja moja, nikisifu uzi wake. Nilitaka mno awe ameniachia kitu. Kumbe alikuwa ameniachia onyo, na kila kitu kingine kilikuwa kwenye daftari, tena daftari lenyewe lilikuwa chini ya mto wa Chiriku muda wote. Nilidhani ni la kuchorea.

Tunalifuata. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, na muda mfupi. Dodoki nimelichoma. Sabuni haina harufu. Tunamgusagusa kwa taulo lile kuukuu, na mafuta mazito angali na majimaji. Krimu ya hospitali kwa safu nyembamba, mahali palipoandikwa, siku zilizoandikwa. Kitanda nimekihamisha kutoka chumba cha kushonea, maana vumbi la vitambaa nalo lilikuwa linamla. Fulana zote nimeshona upya, mishono nje, tena mizuri, wapita njia watazame tu.

Dada yako alikuja wodini na begi lake. Aliingia na sauti: "Nilisema mimi! Uchafu!" Muuguzi akamjibu, "Mama, ingekuwa uchafu, dodoki la bibi lingeshamponya." Kisha akampa beseni la vitambaa vilivyoloweshwa, akamwambia amshike mtoto miguu. Amemshika siku nne. Tulikuwa hatuongei, tunapokezana vitambaa. Siku ya tano akaniuliza kama nimekula. Begi bado liko hapa kwangu, hajalichukua, wala hajaweka nguo ndani.

Umesema niseme mimi. Nasema hivi: njoo kwanza. Umwogeshe mwenyewe wiki nzima kwa daftari la mama yake. Ukishamaliza, ukiona aende kwa dada yako, nitazikunja nguo zake kwa mkono wangu, zikiwa nje ndani.

Makopo yote mawili muuguzi ameshachukua anachotaka kupima, akanirudishia. Nimeyafunga kwenye kitambaa, mafundo matatu. Yako kwenye debe. Debe limejaa. Sijachimba.

Ni mimi,
Mama mkwe wako

*

Tarehe 27 Mei

Mama, shikamoo.

Nimeomba ruhusa, nakuja na lori la Ijumaa. Msimamizi amesema nikiondoka sasa, nafasi hainingoji. Nimemwambia isiningoje.

Mwambie dada achukue begi lake. Chiriku habanduki hapo, na wiki moja hainitoshi. Kama kuna kona nyumbani kwako ya mtu anayelehemu mageti, nitaiomba tukionana.

Shimo usichimbe. Niachie mimi.

Soksi ya njano itoe kwenye debe kama umeitia. Ifue kwa ile sabuni isiyo na harufu, uiweke juu ya cherehani. Nataka niyaone mafundo yalipokuwa.

Mwanao,
Baba Chiriku